Chuo kikifunga, kijiji hufungua

Julai ikifika katikati, vyuo vikuu vyetu vingi huwa vimemaliza mwaka wa masomo. Wanafunzi hufunga magodoro kwa kamba, mabweni huachiwa walinzi, na mama lishe wa nje ya geti hupunguza sufuria. Kuanzia hapo hadi Oktoba au Novemba, mtaani husemwa kwamba chuo kimefunga.

Mwambie hivyo afisa udahili, atacheka. Mwambie mhadhiri aliyezungukwa na marundo ya vijitabu vya majibu ya mitihani, hatacheka hata kidogo. Kwa watumishi wa vyuo vikuu, kiangazi ni msimu wenye pilika zake: maonesho, usahihishaji, ukaguzi wa wanafunzi walio kwenye mazoezi, mabonanza, kuagana na wastaafu, na kwa wale wenye zamu, likizo ya kwenda nyumbani. Sehemu hii ya mwisho ndiyo isiyoandikwa kwenye matangazo ya chuo, na ndiyo inayostahili kutazamwa kwa karibu. Mahali pazuri pa kuitazamia ni Mwamanyili.

Mwamanyili ni kata ya Wilaya ya Busega, upande wa mkoa wa Simiyu unaoelekea Ghuba ya Speke ya Ziwa Victoria. Kabla ya Machi 2012 eneo hili lilikuwa Magu, mkoani Mwanza. Mkoa wa Simiyu ulipozaliwa, makao makuu yakawa Bariadi, na Busega ikawa wilaya yenye ofisi Nyashimo. Ni nchi ya pamba, mpunga, mtama, viazi vitamu na ng'ombe, na ziwa likiwa jirani, samaki hawako mbali na chungu.

Huku mwaka wa mkulima huanza na mvua za Oktoba na Novemba. Pamba hupandwa mvua zikishika, huchumwa kuanzia Mei, na kufika Julai magunia yako kwenye mizani za vyama vya msingi. Linganisha na kalenda ya chuo: masomo huanza Oktoba au Novemba, huisha Julai. Hakuna kikao kilichokaa kupanga mambo yaende hivyo, lakini mwaka wa pamba na mwaka wa chuo huanza pamoja na kwisha pamoja. Kwa hiyo mtoto wa Mwamanyili aliyeajiriwa chuo kikuu Dar es Salaam, Morogoro, Dodoma au Mwanza hupata nafasi ya kurudi wakati ule ule kijiji nacho kina nafasi, kina vijisenti, na kina sherehe.

Likizo ya nani?

Tuanze kwa kuondoa dhana moja. Likizo ndefu ni ya wanafunzi. Mtumishi ana siku zake 28 za mwaka, kama Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inavyotamka, na hizo huombwa kwa fomu, hupangwa kwa zamu, na mara nyingine husogezwa mbele kwa sababu mkuu wa idara kasema kazi haijaisha. Kwa watumishi wa umma kuna jambo la nyongeza: nauli ya likizo hulipwa kila baada ya miaka miwili. Ndiyo maana familia nyingi za watumishi zina mwaka wa nauli na mwaka wa kutumia mfuko wao wenyewe, na bibi aliye kijijini hujua kabisa ni mwaka gani wajukuu watakuja wote na mwaka gani atakuja baba yao peke yake.

Kabla ya likizo hiyo kuna kazi. Majibu ya mitihani yasahihishwe, alama ziingizwe kwenye mfumo, bodi za mitihani zikae, Seneti ipitishe matokeo. Walioshindwa somo hurudi kufanya mtihani wa marudio, ule ambao wanafunzi huuita sapu, na mtihani huo nao una mtunzi, msimamizi na msahihishaji. Maktaba huhesabu vitabu. Mafundi wa maabara hutengeneza vilivyovunjika tangu Novemba. Mafundi bomba huingia mabwenini, na wanayoyakuta humo ni makala nyingine.

Halafu kuna maonesho. Sabasaba huvuta vyuo kwenye viwanja vya maonesho jijini Dar es Salaam. Julai hiyo hiyo Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, huandaa maonesho ya elimu ya juu, sayansi na teknolojia katika viwanja vya Mnazi Mmoja. Agosti inaingia na Nanenane. Watumishi husimama kwenye mabanda wakiwa na fulana za rangi moja, vipeperushi mkononi, peremende kwenye sahani, wakijibu swali lile lile kuanzia asubuhi hadi jioni: "Na mimi mwenye alama hizi mtanichukua?"

Simiyu inayajua maonesho haya vizuri. Mwaka 2018, 2019 na 2020, Nanenane ya kitaifa ilifanyika viwanja vya Nyakabindi, Bariadi. Mkoa uliokuwa mchanga ukapokea taasisi kutoka kila pembe ya nchi, vyuo na vituo vya utafiti vikiwamo, na wenye nyumba za wageni Bariadi wakaonja neema yake. Baada ya hapo Nyakabindi imeendelea kuwa uwanja wa Nanenane wa Kanda ya Ziwa Mashariki, yaani Simiyu, Shinyanga na Mara. Mkulima wa Mwamanyili akitaka kuiona mbegu ikiwa shambani, wala si kwenye picha, hupanda gari hadi Lamadi, kisha akafuata lami ya kama kilomita 72 kwenda Bariadi.

Kamba, bao na keki ya mstaafu

Kiangazi kina mengine zaidi ya karatasi. Mwaka mpya wa fedha huanza tarehe 1 Julai, na kipindi hicho idara nyingi huagana na wastaafu wao. Umri wa kustaafu kwa lazima katika utumishi wa umma ni miaka 60, isipokuwa maprofesa na wahadhiri waandamizi wa vyuo vikuu vya umma ambao, pamoja na madaktari bingwa, waliongezewa hadi 65 kwa mabadiliko ya sheria ya mwaka 2018. Hapo ndipo utakapomkuta mlinzi aliyelinda geti kwa miongo mitatu akilishwa keki na mwanafunzi wake wa zamani wa getini, ambaye siku hizi ni mkuu wa kitivo. Zawadi ni zile zile: godoro, bati, mashine ya kusaga, au bahasha. Hotuba ndiyo hutofautiana urefu.

Michezo nayo huanza kuchangamka. Mashirika na taasisi za umma, vyuo vikuu vikiwamo, hukutana kila mwaka kwenye michezo ya SHIMMUTA, ambayo miaka ya karibuni imezoeleka kufanyika Novemba. Kiangazi ndicho kipindi cha kutafuta timu. Kuna soka, netiboli na riadha kwa wenye mapafu, na kuna bao, drafti, karata na vishale kwa wenye hesabu kali. Mchezo wenye kelele kuliko yote ni kuvuta kamba. Kamba haimjui mwenye shahada ya uzamivu. Dereva mwenye mabega mapana ndiye huwekwa nyuma kabisa kama nanga, na profesa akiruhusiwa kushika kamba, hushika katikati ambako madhara yake ni madogo.

Vyama vya wafanyakazi pia havilali. RAAWU na THTU, vinavyokusanya watumishi wa vyuo na taasisi za utafiti, huendelea kudai malimbikizo na kupandishwa madaraja hata wakati madarasa ni matupu. SACCOS nazo hupata wateja wengi, maana ada za watoto, bati za nyumba ya kijijini na michango ya harusi huja kwa mpigo.

Gari la SU kwenye vumbi la Simiyu

Kuna watumishi ambao kiangazi huwaleta Simiyu bila wao kuomba. Hawa ni wakaguzi wa mafunzo kwa vitendo. Wanafunzi wanaosomea ualimu hutawanywa mashuleni nchi nzima kwa wiki kadhaa, na wahadhiri hugawiwa mikoa kwenda kuwatazama wakifundisha. Ukiona gari lenye namba za SU, yaani la shirika la umma, limeegeshwa chini ya mwarobaini kwenye sekondari ya kata, ujue ndani ya darasa moja kuna kijana aliyeshika chaki na kijasho kinamtoka, andalio la somo liko mezani, na mgeni mmoja amekaa dawati la nyuma akiandika bila kucheka.

Kwa baadhi ya wahadhiri, hiyo ndiyo mara ya kwanza kulala Bariadi, Maswa au Nyashimo. Huja na posho ya kujikimu, ratiba ngumu, na dereva anayezijua njia kuliko ramani. Jioni hutafuta sato wa kuchoma Lamadi, mji wa njia panda ambako barabara ya Mwanza kwenda Musoma hukutana na ile ya Bariadi. Wengine hugundua hapo kwamba Hifadhi ya Serengeti ina lango la Ndabaka pembeni ya barabara hiyo hiyo, karibu kabisa na ziwa. Wanarudi vyuoni wameona shule yenye mwalimu mmoja wa fizikia, au isiyo naye kabisa, na wameona pia watoto wanaokariri kanuni kwa bidii inayotia moyo. Mhadhiri aliyeyaona hayo hafundishi tena mbinu za kufundishia kwa namna ile ile aliyofundisha mwaka uliopita.

Elimu ya juu yenyewe imeanza kusogea huku. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, kina kituo chake mkoani, na Chuo cha Usimamizi wa Fedha, IFM, kina kampasi Simiyu. Mradi wa mageuzi ya elimu ya juu unaojulikana kama HEET, wa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425, umelenga kupeleka kampasi kwenye mikoa iliyokuwa haina. Miaka ijayo mtumishi wa chuo kikuu hatakuwa mgeni wa kiangazi peke yake Simiyu.

Mbina za baada ya mavuno

Sasa tumfuate yule aliyekwenda nyumbani. Anashuka Nyashimo au Lamadi na begi moja na maboksi mawili, bodaboda inampeleka kijijini, na kabla hajafika salamu zimemtangulia. "Mwangaluka!" "Mwangaluka!" Watu wazima humwita kwa ukoo wake, ng'wana fulani, na cheo cha chuoni hukaa kwenye begi.

Anakuta viazi vimekatwa vipande vimeanikwa juu ya miamba vikigeuka michembe, na vingine vimechemshwa kwanza ndipo vikakaushwa, hayo ni matobolwa. Atarudi mjini na gunia lake, na wenzake wa ofisini watakula na chai huku wakiuliza njia ya kuagiza zaidi. Anakuta pia msimu wa ngoma, ambazo Wasukuma huziita mbina. Kazi ya shamba ikishapungua, Bagika na Bagalu hushika uwanja. Vyama hivi viwili vya ngoma huhusishwa na waganga wawili wa karne ya 19, Ngika na Gumha, na ushindani wao haujaisha hadi leo. Kanuni yake ni rahisi na kali: makundi mawili hucheza kwa wakati mmoja, kila moja upande wake, na linalovuta watazamaji wengi ndilo mshindi. Ndiyo maana utaona nyoka mkubwa akitolewa kwenye kisanduku, majembe yakirushwa hewani na kudakwa katika ngoma ya bugobogobo, na mganga wa kundi akihangaika na dawa za mvuto. Watazamaji wakihamia upande wa pili, hakuna rufaa.

Tamasha kubwa zaidi la msimu huu ni Bulabo, linalofanyika Juni kwenye viunga vya Bujora, Kisesa, nje kidogo ya Jiji la Mwanza. Lilikua kutokana na sikukuu ya Ekaristi katika parokia ya Bujora, ambako katika miaka ya 1950 Padri David Clement, mmisionari kutoka Kanada, aliweka msingi wa Makumbusho ya Wasukuma. Kisesa hiyo hiyo ndiko machifu walikomsimika Rais Samia Suluhu Hassan kwa jina la Chifu Hangaya, tarehe 8 Septemba 2021. Kwa mtumishi wa chuo ambaye zamu yake ya likizo imewahi akafika Juni, Bulabo ni nafasi ya kuwaonesha watoto waliozaliwa mjini kwamba utamaduni wao una uwanja, una sheria na una washindi.

Na kuna harusi. Familia huzisogeza hadi pamba iuzwe na mtoto wa mjini awepo. Kadi za michango zimehamia kwenye makundi ya simu, lakini ng'ombe wa mahari bado huhesabiwa kwa macho, na mtumishi wa chuo huwekwa kamati ya fedha hata kama kazi yake chuoni ni kupanga vitabu kwenye rafu.

Foleni ya asubuhi

Kilicho kizito zaidi huja alfajiri ya pili tangu mtumishi afike. Kabla chai haijaiva, kwenye kigoda cha nje ameshaketi mzee mmoja, na nyuma yake mama na kijana mwenye bahasha ya kaki. Matokeo ya kidato cha sita hutoka Julai. Dirisha la udahili hufunguliwa baada yake. Maombi ya mikopo ya Bodi ya Mikopo, HESLB, huwa wazi kipindi hicho hicho. Yote matatu hukutana na likizo ya mtumishi huyu, na kijijini hakuna ofisi ya udahili ila yeye.

"Mwalimu, huyu kapata pointi tano. Aende wapi?" Hapo ndipo siku huanza. Mgeni wetu hueleza kwamba sifa ya chini ya kuingia shahada ya kwanza ni ufaulu wa masomo mawili makuu yenye jumla isiyopungua pointi nne, ambapo A ni tano na E ni moja, lakini sifa ya chini haimaanishi nafasi, maana kila programu ina masharti yake. Hueleza kwamba aliyechaguliwa na vyuo viwili lazima athibitishe kimoja, na asipothibitisha anajiweka hatarini. Hueleza kwamba cheti cha kuzaliwa lazima kihakikiwe na RITA, kwamba fomu ya mkopo inataka mdhamini, sahihi ya serikali ya kijiji na muhuri wa kamishna wa viapo, na kwamba jina kwenye cheti likitofautiana herufi moja na jina la shuleni, matatizo yameanza.

Ndivyo asubuhi zinavyokwenda. Mchana hufika mkulima anayeuliza kama mbegu ya UKM08, iliyotokana na utafiti wa Ukiriguru, ni kweli inazaa kuliko ile aliyoizoea. Jioni hufika jirani mwenye barua ya wito wa baraza la ardhi. Mhasibu wa chuo huulizwa juu ya hesabu za kikoba. Dereva wa chuo huulizwa ni ofisi gani Dodoma inayopokea barua hii. Si lazima uwe mhadhiri. Kwa kijiji, anayefanya kazi chuoni ni mtu wa chuoni.

Watoto wa leo hawaombwi ada kama walivyoombwa wazazi wao. Ada ya sekondari hadi kidato cha nne iliondolewa mwaka 2016, na ya kidato cha tano na sita mwaka 2022. Kwa hiyo wanaofika kwenye mlango wa chuo kikuu kutoka kata kama Mwamanyili wanaongezeka, wakati wanaojua mlango huo unafunguliwaje bado ni wachache. Pengo hilo linazibwa na watu walio likizo.

Nguzo ya tatu

Vyuo vikuu vyetu husema vina nguzo tatu: kufundisha, kutafiti na kuihudumia jamii. Mbili za kwanza zina vipimo. Kufundisha kuna saa, na kutafiti kuna machapisho yanayohesabiwa wakati wa kupanda cheo. Ya tatu hupimwa kwa warsha zilizofunguliwa na mgeni rasmi. Mtumishi wa umma siku hizi hujaza kazi zake kwenye mfumo wa PEPMIS, lakini huwezi kukuta humo kwamba mwezi Agosti alimsaidia binti wa mkulima wa pamba kuomba mkopo kwa kutumia simu yenye kioo kilichopasuka, naye akaupata.

Mwalimu Nyerere aliwahi kuwafananisha wasomi na mtu aliyepewa chakula chote cha kijiji chenye njaa ili apate nguvu za kwenda mbali kuwaletea wenzake chakula. Asiporudi, alisema, ni msaliti. Mfano huo hunukuliwa sana kwenye kumbi za vyuo, mara nyingi kwa kuwasema wanafunzi. Mwamanyili inaonesha upande mwingine wake. Wapo wanaorudi kila mwaka, hata mwaka ambao nauli ni yao wenyewe, ndani ya siku zao 28, na chuo kilichowaajiri hakijui kwamba kinahudumu huko.

Tusikosee: likizo ni haki, na mtumishi anayetaka kulala hadi saa nne asubuhi ana kila sababu ya kulala. Hatuombi kijiji kigeuzwe kituo cha kazi. Tunachosema ni kwamba kazi hii tayari inafanyika, na inafanyika bila vitendea kazi. Mtumishi hujibu maswali ya udahili kwa kumbukumbu, na masharti hubadilika kila mwaka. Kosa lake dogo humgharimu kijana mwaka mzima.

Dawa yake haihitaji mradi wa mabilioni. Chuo kinapotoa ruhusa ya likizo Julai, kiambatanishe kijitabu cha mwongozo wa udahili wa mwaka huo, kwa Kiswahili kinachoeleweka na mzazi. TCU na HESLB, ambazo tayari huzunguka na mabanda yao mijini, zipange siku moja kwenye mnada wa wiki huko huko Busega, mahali ambapo mkulima yupo hata kama hakualikwa. Wahadhiri wanaokuja kukagua mazoezi ya ualimu waombwe saa moja tu, baada ya kazi, kuzungumza na wanafunzi wa kidato cha nne na cha sita wa shule wanayoitembelea. Gari limeshafika, posho imeshalipwa. Na kwenye PEPMIS kuwe na mstari wa huduma kwa jamii unaokubali kazi ya namna hii, ithibitishwe na mtendaji wa kata aliyeiona kwa macho yake.

Vyuo hupenda kutangaza habari zao za kiangazi: nani kastaafu, timu gani imetwaa kikombe, banda gani limeshinda Sabasaba. Ni habari njema na ziendelee. Kwenye orodha hiyo ziongezwe habari za kata: ni vijana wangapi wa Mwamanyili waliopata udahili mwaka huu, na ni mtumishi gani aliyekaa nao kigodani hadi fomu ikakubali. Hesabu hiyo ikianza kuandikwa, chuo kitajua kiangazi kilikitumiaje, na mzazi wa Busega atajua kodi yake inasomesha watu wa aina gani.